Programu Kufunguka Zenyewe Unapoingia Kwenye Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa wenye stesheneri, maduka ya dawa, ofisi ndogo na wanafunzi wa vyuo hapa Dodoma, kuanzia Makole na Majengo hadi Nkuhungu na Nzuguni. Yameanza na mepesi, yanaishia na yale yanayomleta mtu kwa fundi akiwa ameshahangaika. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu mashine karibu zote zinazotumika hapa zimewekwa kwa Kiingereza. Maelezo mengi ni ya Windows 10 na 11. Windows 7, Linux na Mac zina maswali yake mwishoni.

## Msingi

Programu kufunguka yenyewe ni nini hasa?

Unawasha mashine, unaandika pasiwedi, desktopu inatokea. Hapo ndipo Windows inapopitia orodha yake na kufungua kila programu iliyomo. Kinachoanzisha kazi hii ni wewe kuingia. Mashine iliyowaka lakini imesimama kwenye skrini ya pasiwedi haijafungua chochote cha kwenye orodha hiyo.

Ndiyo maana ukifunga skrini kwa Windows + L, ukaenda kunywa chai na kurudi, hakuna kinachofunguliwa upya: hukuwa umetoka. Laptop iliyolala ikaamshwa ni hivyo hivyo.

Kuna kundi jingine linaloanza kabla hujaingia, nalo ni huduma za mfumo, kama vile ulinzi dhidi ya virusi na foleni ya uchapishaji. Watu wengi huuliza namna ya kuifanya printa iwe tayari kila asubuhi. Huna haja ya kuiweka popote. Foleni yake huanza yenyewe na Windows.

Ni programu zipi zinastahili kuwekwa?

Ile unayoifungua kwa mkono kila asubuhi kabla hujamhudumia mtu wa kwanza. Kwenye stesheneri huwa ni daftari la mauzo, barua pepe ambako wateja hutuma kazi za kuprinti, na WhatsApp ya kompyuta. Kwenye duka la dawa ni programu ya stoo na mauzo. Programu unayoigusa mara mbili kwa wiki iache ifunguliwe kwa mkono. Kila jina unaloongeza linakula kumbukumbu ya mashine na kukuchelewesha asubuhi, na mashine nyingi za mezani mitaani bado zina RAM ya GB 4.

Nitaonaje zilizopo sasa?

Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, Task Manager itafunguka. Kwenye Windows 10 nenda kwenye kichupo cha Startup; ukiona dirisha dogo lisilo na vichupo, bofya kwanza More details. Kwenye Windows 11 tafuta Startup apps upande wa kushoto. Utaona jina la programu, kampuni iliyoitengeneza, kama imeruhusiwa au imezimwa, na uzito wake wakati wa kuanza: High, Medium au Low. Orodha inayofanana na hiyo iko pia kwenye Settings, Apps, Startup.

Nakushauri ufanye hivi leo hata kama huna tatizo lolote. Ukiijua orodha yako ikiwa salama, siku likiingia jina geni utaliona mara moja.

## Kuweka programu

Naiwekaje programu kwenye orodha?

Anza ndani ya programu yenyewe. Nyingi zina kisanduku cha kutia tiki kwenye mipangilio yake, na WhatsApp, OneDrive na Teams ni mifano. Kikiwepo, kitumie hicho na uishie hapo.

Kisipokuwepo, tumia folda ya Startup. Bonyeza Windows + R, andika `shell:startup`, kisha Enter. Folda itafunguka, mara nyingi ikiwa tupu. Nenda kwenye desktopu, nakili shotikati (shortcut, nembo ya kuifungulia) ya programu unayoitaka, rudi kwenye folda, bandika. Toka kwenye akaunti yako na uingie tena kuhakikisha. Siku ukiichoka, futa shotikati hiyo. Programu yenyewe haitaguswa.

Programu uliyoipakua kutoka Microsoft Store mara nyingi haina shotikati kwenye desktopu. Fungua `shell:AppsFolder` kwa njia ile ile, itafute humo, kisha iburute hadi kwenye folda ya Startup.

Je, naweza kufungua faili la Excel au tovuti badala ya programu?

Ndiyo, folda ya Startup inapokea shotikati ya kitu chochote. Ila hapa pana hatari ambayo imewaumiza watu. Ukinakili daftari lako la mauzo na kulibandika kwa Paste ya kawaida, umetengeneza daftari la pili. Kila asubuhi litafunguka lile la kwenye Startup, utaandika mauzo humo, na lile la zamani lililoko Documents litabaki na hesabu za siku uliyobandika. Mwisho wa mwezi unapiga hesabu kwenye faili lisilo sahihi. Kwa hiyo nakili faili, bofya kulia ndani ya folda, uchague Paste shortcut. Kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kubofya Show more options kwanza. Ukimaliza, angalia kama nembo ina kamshale kadogo kwenye kona ya chini. Pasipo mshale, hiyo ni nakala kamili, ifute.

Kwa tovuti, bofya kulia kwenye folda, chagua New, kisha Shortcut, ubandike anwani yake.

Mashine moja tunaitumia watu watatu, kila mtu na akaunti yake. Itafunguka kwa wote?

Folda ya `shell:startup` ni ya aliyeingia peke yake. Ya wote ni `shell:common startup`, na kuweka kitu humo kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa mashine. Programu ya mauzo iweke humo. WhatsApp usiiweke, maana kila mtu ana namba yake.

Nataka zifunguke kwa mpangilio, ya kwanza itulie ndipo ya pili ianze. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa mashine dhaifu nauona ndio mpango mzuri kuliko yote. Zikifunguka zote kwa pamoja, diski ya zamani inazidiwa na kila moja inachelewa. Fungua Notepad, andika hivi:

`@echo off`
`start "" "D:\Duka\Mauzo.xlsx"`
`timeout /t 40 /nobreak`
`start "" "https://mail.google.com"`

Lihifadhi kwa jina `asubuhi.bat`, ukichagua All files kwenye Save as type, la sivyo Notepad italipa mkia wa .txt na halitafanya kazi. Kisha weka shotikati yake kwenye Startup. Namba 40 ni sekunde za kusubiri. Ibadilishe kulingana na mashine yako. Alama mbili za nukuu zilizo tupu baada ya `start` ziache zilivyo. Ukiziondoa, Windows itadhani njia ya faili ni jina la dirisha, na itakufungulia dirisha jeusi tupu.

Dirisha jeusi la kuhesabu sekunde likikukera, bofya kulia kwenye shotikati, chagua Properties, na kwenye Run weka Minimized.

## Kupunguza na kuondoa

Fundi, mbona mashine ikishawaka nasubiri mpaka wateja wanaondoka?

Fungua orodha kama ilivyoelezwa kwenye swali la kuona zilizopo. Stesheneri nyingi zina sura ile ile: Teams ambayo hakuna aliyewahi kuitumia, programu ya kupakua torenti, Spotify, kisasishaji cha printa iliyokwishauzwa, na antivirus mbili zinazopigania faili zile zile. Bofya kulia kwenye kila usichokihitaji, chagua Disable. Anza na zenye uzito wa High. Antivirus moja ibaki, pamoja na zile zenye jina la kampuni ya kadi yako ya sauti au ya picha kama hujui kazi yake.

Ukishasafisha na mashine bado inasuasua, angalia diski. Kompyuta za mezani zilizotumika Ulaya ambazo tunauziwa hapa, OptiPlex na wenzake, nyingi huja na diski ya kuzunguka. Kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, kunaleta nafuu ambayo hakuna kusafisha orodha kutakakoifikia.

Nikichagua Disable, programu itafutika?

Hapana. Inazuiwa tu kujianzisha. Utaifungua kwa mkono wakati wowote, na ukibadili mawazo unachagua Enable pale pale.

Nikiunganisha mashine na simu asubuhi, bando linaisha kabla sijafanya kazi. Inahusiana na hili?

Inahusiana sana, na ndilo swali ninalotamani kila mwenye ofisi angeliuliza mapema. Programu zinazofunguka zenyewe hazikai kimya: OneDrive inapandisha picha, nyingine zinatafuta masasisho, na Windows nayo ina masasisho yake. Kwenye intaneti ya waya huoni kitu. Kwenye bando la simu, GB zinayeyuka ukiwa bado unafagia vumbi mlangoni.

Fanya mambo mawili. Kwanza, ondoa OneDrive na zinazofanana nayo kwenye orodha kama huzitumii. Pili, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Jiunge na hotspot ya simu, nenda Settings, sehemu ya Wi-Fi, fungua mipangilio ya mtandao huo, uwashe Metered connection. Masasisho mengi ya Windows yatasubiri, na OneDrive ina uwezo wa kusimama yenyewe kwenye mtandao wa namna hiyo. Mpangilio huu unakaa kwa mtandao huo mmoja. Ukibadilisha simu, uwashe tena.

Nimeizima, kesho yake imerudi. Kwa nini?

Programu nyingine hujirudisha zinaposasishwa. Zima ndani ya mipangilio yake yenyewe, kisha kwenye Task Manager. Kama huitumii kabisa, iondoe kwenye mashine.

Sijaiweka popote na haipo kwenye orodha, lakini inafunguka.

Angalia Settings, Accounts, Sign-in options. Kuna swichi inayohifadhi programu zilizokuwa wazi ulipotoka na kuzifungua ukirudi, imeandikwa Automatically save my restartable apps. Izime. Ikiwa si hiyo, kitu kimejificha kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) au Task Scheduler (sehemu ya Windows ya kupanga kazi zijianzishe), na hapo chombo cha kutumia ni Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha kila mahali kitu kinapoweza kujianzisha.

Naona kitu kimeandikwa "Program" bila nembo, na kingine "Microsoft Windows Based Script Host". Nini hivi?

Cha kwanza mara nyingi ni mabaki. Programu iliondolewa, jina lake likabaki linaita faili ambalo halipo. Kizime tu.

Cha pili kichukulie kwa uzito. Hicho ni chombo halali cha Windows cha kuendesha skripti, yaani mafaili ya amri, lakini kwenye mashine zinazopokea flashi za wateja kutwa nzima, kukikuta kwenye orodha mara nyingi kunamaanisha virusi vya shotikati: vile vinavyoficha mafaili ya flashi na kuacha shotikati peke yake. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu za orodha, washa Command line, usome kinaita faili gani. Ukiona jina lenye mkia wa .vbs au .js lililoko kwenye folda ya AppData au Temp, chagua Disable, chunguza mashine nzima kwa antivirus, kisha futa faili lenyewe. Ukifuta faili bila kuzima, au ukasafisha flashi bila kusafisha mashine, vitarudi na mteja anayefuata.

## Umeme ukikatika

Umeme ukikatika usiku na kurudi, nataka mashine iwake na kufungua programu bila mimi kuwepo. Nafanyaje?

Hatua ni tatu, na orodha ya Startup ni ya mwisho.

Ya kwanza ni kuifanya mashine iwake umeme unaporudi. Mpangilio huu uko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, nje ya Windows. Washa mashine huku ukibonyeza F2 kwa Dell au F10 kwa HP nyingi. Kwenye Dell tafuta Power Management, kisha AC Recovery, uweke Power On, au Last Power State ukitaka irudi ilivyokuwa. Kwenye HP tafuta After Power Loss. Kompyuta za mezani karibu zote zina kitu hiki kwa jina mojawapo.

Ya pili ni kuingia bila pasiwedi. Soma swali linalofuata kabla hujaigusa. Ya tatu ni kuweka programu yako kama ilivyoelezwa juu.

Lakini umeme unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo, ukipanda na kushuka. Mashine inayowaka sekunde ile ile ndiyo inayopokea kishindo hicho. Bila UPS au stabilaiza, mimi nisingeiwasha kwa namna hii hata kidogo.

Je, niondoe pasiwedi ili iingie yenyewe?

Kwa mashine inayoendesha kamera za ulinzi tu, ndani ya chumba kinachofungwa kwa kufuli, sawa. Andika `netplwiz` kwenye Windows + R, ondoa tiki ya Users must enter a user name and password, uweke pasiwedi mara moja ya mwisho. Kwenye Windows 11 kisanduku hicho kinaweza kutoonekana mpaka uzime swichi ya Windows Hello kwenye Sign-in options.

Kwa mashine ya stesheneri, usifanye. Humo mna vitambulisho vya watu vilivyoskaniwa, vyeti, barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyekukabidhi cheti chake amekuamini. Kuandika pasiwedi ni sekunde chache.

## Hali za pekee

Programu inaomba ruhusa ya msimamizi, na kwenye Startup haifunguki. Nifanye nini?

Itumie Task Scheduler. Ifungue, chagua Create Task, usichague Create Basic Task. Kwenye General tia tiki Run with highest privileges. Kwenye Triggers bofya New, chagua At log on, na ukitaka, weka ucheleweshaji kwenye Delay task for. Kwenye Actions chagua programu yenyewe. Programu itaanza na ruhusa kamili bila kuuliza, kwa hiyo fanya hivi kwa programu unayoiamini tu.

Nimeiweka Task Scheduler. Umeme ukiwepo inaanza, nikiwa kwenye betri haianzi. Tena inajizima baada ya siku tatu.

Haya ni mambo mawili yaliyowekwa tangu mwanzo na watu hawayaoni. Fungua kazi yako, nenda Conditions: kuna tiki inayosema ianze mashine ikiwa kwenye umeme tu. Iondoe. Laptop ya ofisini siku ya mgao huishia hapo, na hata ya mezani iliyounganishwa na UPS kwa waya wa USB inaweza kujiona iko kwenye betri. Kisha nenda Settings: kuna tiki inayosimamisha kazi ikizidi siku 3. Iondoe nayo kama mashine haizimwi.

Faili liko kwenye diski ya mtandao, na kila nikiingia naambiwa halipo. Baadaye nikilifungua, lipo.

Mtandao haujawa tayari wakati orodha inapopitiwa. Tumia faili la .bat la swali la mpangilio, na `timeout` iwe mstari wa kwanza baada ya `@echo off`.

Programu inafunguka mara mbili.

Imewekwa sehemu mbili, kwa kawaida kwenye folda ya Startup na kwenye mipangilio yake yenyewe. Futa shotikati, acha mipangilio.

Shotikati iko kwenye folda lakini haifunguki kabisa.

Huenda uliwahi kuizima kwenye Task Manager. Windows hukumbuka uamuzi huo hata ukiifuta shotikati na kuirudisha kwa jina lile lile. Nenda kwenye orodha, chagua Enable.

Natumia Windows 7 bado.

Folda ya `shell:startup` ipo na inafanya kazi. Orodha ya kuzima iko `msconfig`, kichupo cha Startup. Ila Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama tangu Januari 2020, kwa hiyo usiitumie kwenye mambo ya benki.

Na Linux?

Ubuntu na Linux Mint zina programu iitwayo Startup Applications. Ya Mint inakuruhusu hata kuweka sekunde za kusubiri. Kwenye KDE ni System Settings, Autostart. Nyuma ya pazia zote zinatumia mafaili ya .desktop yaliyomo `~/.config/autostart`. Wanafunzi wanaopenda kuandika wenyewe, faili linahitaji mistari minne:

`[Desktop Entry]`
`Type=Application`
`Name=Mauzo`
`Exec=libreoffice /home/duka/mauzo.ods`

Ya watumiaji wote yako `/etc/xdg/autostart`.

Na Mac?

System Settings, General, Login Items. Kwenye matoleo ya kabla ya Ventura ni System Preferences, Users & Groups. Au bofya kulia nembo ya programu kwenye Dock, Options, Open at Login.

Nimeweka kitu, sasa nikiingia tu mashine inaganda na siwezi hata kufungua Task Manager.

Usikimbilie kupiga Windows upya. Rudi kwenye skrini ya pasiwedi, bofya alama ya kuzima, shikilia Shift huku ukichagua Restart. Kwenye skrini ya buluu chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Mashine itawaka kwenye Safe Mode, ambamo orodha haipitiwi. Ingia, fungua `shell:startup`, futa ulichoweka, na kama ulitumia Task Scheduler, izime kazi hiyo kwa Disable pindi ukirudi kawaida. Washa upya. Mafaili yako yote yatakuwepo.